Losheni ya shea yenye shea kidogo: uchambuzi kutoka Kampala

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ya leo ni losheni ya mwili ya mililita 400, ambayo utaikuta katika maduka mengi ya jumla ya Kikuubo hapa Kampala, na ambayo mbele ya chupa yake pana picha ya kokwa za shea, mti ambao kokwa zake hutoa mafuta mazito ya kupaka, na maandishi makubwa yanayoinadi kuwa ni losheni ya shea kutoka Kaskazini mwa Uganda. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu losheni nyingi zilizopangwa rafu moja na hii. Nitaichambua kwa utaratibu wa mkemia wa vipodozi, ambaye akipewa chupa huanza kwa kuigeuza.

Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga apendavyo. Naisogeza karibu na kamera mwone. Kwanza ni maji, halafu gliserini, mafuta ya parafini (yale ya vipodozi, si mafuta ya taa), asidi ya steariki, trayethanolamini, kisha vihifadhi viwili vya kuzuia vijidudu, fenoksiethanoli na methilparabeni, halafu manukato. Shea imewekwa mwisho kabisa. Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu fenoksiethanoli izidi asilimia 1, na watengenezaji wa nchi nyingine nao hukaa ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo kinachoandikwa baada yake huwa ni kidogo mno. Katika chupa hii asilimia 1 ni kama gramu 4, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai.

Hapa ndipo wauzaji wa mitandaoni na wakemia wanapoachana. Muuzaji hukufundisha kiambato kimoja kimoja: shea hufanya hivi, vitamini fulani hufanya vile. Mkemia huuliza kimewekwa kwa kiasi gani, kimeandamana na nini, na mchanganyiko mzima una uchachu kiasi gani. Kwa kipimo hicho losheni hii si mbaya hata kidogo. Gliserini huvuta maji na kuyashikilia katika tabaka la juu la ngozi, nayo parafini huyazuia yasitoroke, na kazi hizo mbili ndizo ambazo mtu mwenye miguu iliyopauka anazihitaji. Picha ya mbele inasifu shea kwa kazi iliyofanywa na gliserini, ambayo masikini hata haikuchorwa.

Sasa naipaka mkononi. Mnaona ule weupe unaotokea ninaposugua, kama povu? Asidi ya steariki inapokutana na trayethanolamini hufanyika sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoyafunga maji na mafuta yasitengane. Ni njia ya zamani na ya bei nafuu, na weupe huo ni alama yake. Watengenezaji wengine huongeza dimethikoni, aina ya silikoni, kidogo ili kuupunguza. Karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipungua uchachu huzidi, inaonyesha kati ya 7 na 8, ilhali ngozi yenyewe hukaa karibu na 5. Kwa ngozi yenye afya hilo si tatizo kubwa, lakini mwenye pumu ya ngozi ningemshauri atafute nyingine. Tena pH hiyo inatueleza kwa nini hawakutumia sodiamu benzoeti, kihifadhi kinachohitaji uchachu ili kifanye kazi. Fenoksiethanoli haijali sana uchachu, ila ni dhaifu kidogo mbele ya ukungu, na methilparabeni huja kuiziba nafasi hiyo. Aliyeitunga fomula hii anaijua kazi yake.

Najua neno parabeni, kundi la vihifadhi ambalo methilparabeni imo, limewashtua baadhi yenu. Hofu hiyo ilienea baada ya utafiti wa Uingereza wa mwaka 2004 ulioripoti kuziona parabeni katika uvimbe wa saratani ya matiti. Utafiti wenyewe haukuthibitisha kwamba ndizo zilizousababisha. Ulaya bado inaruhusu methilparabeni hadi asilimia 0.4. Mimi naogopa zaidi losheni ya maji inayojisifu kuwa haina kihifadhi chochote, kwa sababu penye maji na mafuta bakteria huzaliana, na chupa zetu hukaa juani kwenye vibanda kwa muda mrefu. Ndiyo maana katika maabara losheni hutiwa vijidudu kwa makusudi na kufuatiliwa kwa siku 28, na nyingine huwekwa katika nyuzijoto 40 kwa miezi kadhaa ili ionekane kama itajitenga.

Lebo ina mipaka yake, hasa kwa krimu za kujichubua, maana anayetia zebaki haiandiki. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango la Uganda, na dawa yake ni kutozigusa. Kwa losheni ya kawaida kama hii, angalieni alama ya Q ya shirika hilo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Chupa hii inazo zote tatu.

Anayetaka shea hasa anunue shea tupu. Ya kwetu, inayotoka Acholi, Lango na West Nile, ina asidi ya oleiki, sehemu ya mafuta iliyo laini, nyingi kuliko ile ya Afrika Magharibi, na kwa hiyo ni laini na huyeyuka upesi mkononi. Haina maji, kwa hiyo haihitaji kihifadhi, mradi usiichote kwa vidole vilivyolowa. Kwa joto la Kampala mchana huwa nzito, kwa hiyo mimi huipaka usiku kwenye visigino na viwiko. Losheni hii naipaka asubuhi mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na kwa bei yake nitainunua tena.