Ndoo, dumu, gunia au chungu: ununue kipi kwa mboga za nyumbani Dar

Wengi wakitaka kuanza kulima mboga nyumbani wanakimbilia kwa wauza maua wa barabarani, wananunua poti tatu nne za plastiki nzuri nzuri, wanapanda nyanya, mwezi na nusu baadae mche umedumaa, majani njano, mtu anakwambia mi sina mkono wa kupanda. Mkono hauna tatizo jamani. Poti ya lita 3 haiwezi kulea nyanya kwenye jua la Dar la mwezi wa kwanza na wa pili, umemwagilia asubuhi, saa nane mchana pamekauka kabisa. Unachonunua hapa ni lita za udongo na njia ya maji kutoka, basi, rangi na umbo ni nyongeza. Kwahiyo kabla hujatoa hela chukua bei ya chombo ugawanye kwa lita zake, utashangaa poti ya urembo ilivyo ghali ukilinganisha na ndoo kukuu.

Alafu ujue unataka kupanda nini. Mchicha, chainizi, kotmiri na vitunguu majani vinaridhika na kina cha sm 15 mpaka 20. Figiri, spinachi na sukuma wiki wape sm 25 mpaka 30. Nyanya, bilinganya, hoho na nyanya chungu hizo ni lita 20 kwa mche mmoja, mmoja, usibanane miwili kwa kuona udongo uko wazi, mizizi inagombania maji na wote wawili wanazaa vibaya. Nanaa ipe chombo chake peke yake maana inatambaa na kumaliza kila jirani.

Sasa ninavyovipanga mimi, kuanzia kinachofaa zaidi.

Namba 1: ndoo ya lita 20 iliyotumika. Hii kwangu haina mpinzani. Ina kina, ina shikio kwahiyo unaihamisha kufuata jua au kuikimbiza mvua ya masika, na inapatikana kila mtaa. Nenda kwa wauza chipsi, bekari, mama lishe, waulize ndoo za mafuta ya kula au za siagi ya kuokea, wengi wanauza na hawana bei ngumu. Ukiwa pale usichukue tu ya juu. Igeuze uangalie kitako, utakuta pembetatu ndogo yenye namba ndani, ya 2 na ya 5 ndo za kuchukua, ni plastiki zinazotumika sana kwenye vyombo vya chakula. Ya 3 na ya 6 ziache. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, ikirudi haraka bado nzima, ikitoa mlio wa kukatika au ukaona vistari vyeupe ujue jua limeshaila na itapasuka ukiibeba na udongo. Vuta shikio pale linapoingia, ndo panapovunjika kwanza. Mwisho inuse. Harufu ya mafuta ya kula inatoka kwa maji ya moto na sabuni, ila ikinuka tina ya kuyeyushia rangi, mafuta ya gari au dawa ya wadudu irudishe, hata kama unapewa bure. Ndoo iliyobeba rangi ya maji ya kupaka ukuta watu wanaosha na kutumia, mi kwa mboga ya kula naona ni bora utafute ya chakula maana tofauti ya hela ni ndogo. Kwa rangi ya ndoo yenyewe chukua nyeupe au isiyokoza, nyeusi inapata moto mpaka mizizi ya pembeni inaungua.

Ikifika nyumbani pasha msumari mkubwa kwenye jiko la mkaa utoboe matundu kama nane kitakoni, fanya nje penye upepo maana moshi wa plastiki sio wa kuvuta. Ongeza mawili matatu ubavuni karibu na chini, yanasaidia yale ya kitakoni yakiziba. Ikalishe juu ya matofali mawili, ukiiweka moja kwa moja kwenye sakafu matundu yanabanwa na maji yanabaki ndani.

Namba 2: dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni. Yale madumu ya njano ya mafuta. Unalilaza, unakata ule upande mpana uliobaki juu, unapata kihori chenye kina kama sm 20 hivi, mchicha na chainizi wanakaa humo vizuri kuliko hata kwenye ndoo kwasababu eneo la juu ni kubwa na mizizi yao haishuki sana. Ubaya wake mafuta yanajificha kwenye mpini na kwenye kona, usipoosha vizuri sisimizi na panya wanahamia. Na likishajaa udongo unyevu usilibebe mtu mmoja kwa kushika kingo, kingo zinapinda. Kwa nyanya halifai, ni fupi.

Namba 3: gunia. Kwa mwenye uwanja mdogo na familia kubwa hili lingeweza kuwa namba 1. Mtindo huu umekomaa sana Kibera kule Nairobi, hasa baada ya vurugu za uchaguzi za mwanzoni mwa 2008 chakula kilipopanda bei, watu wakajaza magunia ya sukuma wiki milangoni. Siri iko katikati: unachukua kopo kubwa lisilo na kitako unalisimamisha chini ndani ya gunia, unalijaza kokoto, unaweka udongo kuzunguka, unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, mpaka juu unabaki na nguzo ya kokoto inayoshuka hadi chini. Maji unamwagia kwenye nguzo, yanasambaa pembeni. Bila ile nguzo juu panalowa, chini pakavu, miche ya chini inakufa. Pembeni unachana vitundu unachomeka miche.

Ila mfuko wa salfeti unachoshwa na jua, unaanza kuchanika nyuzi nyuzi na zinaingia kwenye udongo, kwahiyo nunua mzito uliofumwa kwa kubana, upande wenye jua kali uegemeze ukutani. Na ukishajaza hapo ndo makao yake, gunia kubwa likiwa na udongo na maji linapita kilo 100 bila shida. Wa ghorofani wasiweke magunia kwenye baraza bila kumuuliza fundi aliyejenga, hata ndoo moja ya lita 20 iliyolowa inakaribia kilo 30.

Pipa la lita 200 lililopasuliwa nusu ni zuri sana, uzito ni ule ule wa gunia, tatizo ni historia yake. Mengi yalibeba kemikali. Kama muuzaji hawezi kukwambia lilibeba nini, acha.

Chungu cha udongo nakiweka baada ya hivyo vyote kwa mboga, ila kwa rozmeri ni namba moja maana kinapumua na rozmeri haipendi miguu yenye maji. Kwa mchicha kinakausha mno. Na hapa kwetu kuna jambo la visima: maeneo mengi ya Dar maji ya kisima yana chumvi, utaona chungu kimetoka unga mweupe kwa nje, hiyo ndo chumvi. Chombo chochote unachomwagilia kisima, ukipata maji ya bomba au ya mvua kimwagie mengi mpaka yatiririke chini, chumvi ishuke nayo. Kisichokuwa na matundu hakina pa kuipeleka.

Poti za dukani zifae kotmiri na mrehani karibu na dirisha la jiko, sio zaidi.

Matairi nayaweka mwisho kabisa na sijali yanavyopendeza yakipakwa rangi. Mpira una zinki na masizi ambayo sitaki karibu na mboga ninayokula, na ule mdomo wa ndani unashika maji, mbu wa dengi wanataga hapo hapo. Dar imepata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019, hatuhitaji kuwatengenezea nyumba. Kama umeshanunua panda maua, na toboa chini pande zote.

Hela iliyobaki ipeleke kwenye udongo, usiimalize kwenye vyombo. Debe mbili za udongo tifutifu, debe moja ya samadi iliyooza na debe moja ya pumba za mpunga au makapi ya nazi, hapo umepata wa kujaza kama ndoo nne. Samadi ya kuku ikikuchoma pua bado mbichi, itaunguza miche, ilaze wiki kadhaa kwanza. Mbegu nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe isiyopita, na nyanya ya ndoo tafuta fupi kama Cal J, zile ndefu zinahitaji miti na kamba kila wiki.

Kama bajeti ni ya kuanzia tu, chukua madumu mawili na ndoo mbili. Mwaga mchicha kwenye dumu la kwanza leo, la pili wiki mbili mbele, wiki ya tatu au ya nne unachuma huku jingine linakuja, ndoo moja nyanya, nyingine hoho, na gunia lisubiri mpaka uwe umejua jua la uwanja wako linapiga wapi saa sita.