Kabla ya Kununua Friji au Kiyoyozi, Soma Gesi Yake Kwanza

Muuzaji atakutajia lita, nyota za umeme na rangi ya mlango. Gesi, ile inayozunguka kwenye mabomba na kupoza, hataigusa, ilhali ndiyo itakayoamua kama miaka sita ijayo utapata fundi au utapata chuma chakavu. Kuijua hakuhitaji utaalamu. Kwenye friji, kibandiko cha taarifa kiko ukutani kwa ndani, mara nyingi usawa wa droo ya mboga, au mgongoni karibu na kompresa. Kwenye kiyoyozi kiko ubavuni mwa ile mashine ya nje. Tafuta herufi R na tarakimu zake, kisha gramu: "R600a 45 g", kwa mfano.

Hapo kuna mtego mdogo. Mstari wa jirani huweza kuandikwa siklopentani. Hiyo ni ya kuumulia foamu iliyomo kwenye kuta za friji, haizunguki kwenye mabomba. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha neno hilo kwa kidole, bila wasiwasi wowote, kama jibu la swali langu.

Kwa friji, chaguo langu la kwanza ni R600a, yaani isobutani. Haigusi ozoni, mchango wake katika joto la dunia ni mdogo mno, na kompresa zake hutulia. Ndiyo, inawaka, ndiyo maana kompresa hubandikwa pembetatu ya njano yenye mwali. Lakini gramu 45 ni kama viberiti vya gesi kumi hivi. Hatari kubwa iko kwa fundi anayewasha moto wa kuchomelea kabla hajaitoa gesi yote.

Ya pili ni R134a. Haiwaki, na mafundi wengi wameizoea. Ila inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi uzito kwa uzito, na Marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya kimataifa, yanapunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Kwa friji ya mtumba iliyo nzima naikubali. Kwa mpya, sioni sababu. Ukikuta R12, basi umekuta mzee ambaye Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda ozoni, ilishamfungia mlango. Mwache.

Kwenye viyoyozi, vikiwemo vinavyogeuzwa kupasha chumba joto, naweka R32 juu. Kipimo chake cha kupasha dunia joto ni 675, kaboni dioksidi ikiwa 1, na kwa kuwa si mchanganyiko wa gesi, ikivuja kidogo fundi akaziba, anaweza kuongezea. Huwaka kwa shida, lakini huwaka, kwa hiyo ufungaji usiwe wa kubahatisha. Inafuata R410A, ambayo ni nusu R32 na nusu R125: haiwaki, kipimo chake 2,088, na presha yake ni kama mara 1.6 ya R22, gesi ya viyoyozi vya zamani, hivyo mabomba na geji za zamani haziifai. R290, propani, ingeshindana na R32 kama ingepatikana kwa wingi. Ukiipata, hakikisha kwanza fundi wako ameisomea. R22 usinunue hata kwa bei ya kutupa: inaharibu ozoni, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuachana nayo.

Mashine za kukausha nguo na za kuchemsha maji zinazotumia kompresa nazo zina kibandiko hichohicho; hesabu ni ileile.

Kwa mtumba, kumbuka kwamba kibandiko kinasema gesi iliyotoka nayo kiwandani, hakijui fundi alimimina nini baadaye. Niliwahi kununua friji ya R600a ambayo mtu alikuwa ameijaza R134a. Ilipoza, lakini kompresa ilinguruma usiku kucha na kuwa moto hata mkono hauvumilii. Haikumaliza mwezi. Tangu hapo nauliza: imewahi kujazwa? Kisha naangalia bomba fupi la kujazia kwenye kompresa. Likiwa na alama mpya za kuchomelewa na mwenye mali anaapa haijaguswa, naaga.

Kibandiko kikiwa kizima, kipige picha umtumie fundi wako kabla hujatoa hela, umuulize jambo moja: mtungi wa gesi hii unao?