Debian 12 kwenye kikompyuta cha Atom: uzoefu wangu hapa Uyole, Mbeya

Kwa kuandika na kuchapa, Debian 12, mfumo endeshi wa Linux unaowekwa badala ya Windows, imekirudisha kazini kikompyuta ambacho fundi wa Mwanjelwa alishasema kiuzwe vipuri. Kwa video, usijisumbue.

Ni zile mashine ndogo za inchi kumi zilizovuma kuanzia 2008: prosesa Intel Atom N270, RAM GB 1. Ilikuwa na Windows XP, iliyoacha kuhudumiwa na Microsoft Aprili 2014. Dada yangu anaitumia stesheneri kwa barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha nyumba na mihtasari ya vikoba.

Kwanza angalia kama prosesa ni ya biti 32 au 64. N270 ni ya biti 32 tu, na mifumo mingi imeshaziacha. Hata Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Ndiyo maana nilichukua toleo la 12, faili la netinst (kisakinishi kidogo) la i386, yaani la biti 32, ambalo halifiki GB 1. Vifurushi vingine vinashushwa wakati wa kusakinisha, kwa hiyo andaa bando. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kugawa intaneti, na kisakinishi kikaitambua papo hapo.

Mbele kidogo utaulizwa unataka mazingira gani ya dawati, yaani madirisha na menyu utakazotumia. GNOME, ambayo ni nzito, huwa imeshawekewa nyota ya kuchaguliwa. Iondoe, weka LXDE, ambayo ni nyepesi. Kwa RAM ya GB 1 hatua hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Baadaye ongeza zram-tools, inayobana data ndani ya RAM kabla mashine haijakimbilia hardi diski. LibreOffice, programu ya kuandikia, inachelewa kufunguka mara ya kwanza, kisha inakwenda vizuri. Firefox inabeba kurasa mbili, ukizidisha, inaganda.

Kilichonifurahisha zaidi ni flashi za wateja. Nyingi zinakuja na vile virusi vya shotikati: mtu anafungua, anaona shotikati tupu, anadhani kazi yake imepotea. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu, na alama ile ya kuficha ya Windows haizuii Linux kuyaonyesha. Mwanafunzi mmoja aliletwa na mwenzake akiwa karibu kulia kwa ajili ya ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Dada alichomeka flashi, folda ikaonekana, wakachapa. Virusi vyenyewe vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hapa havina pa kushika.

Fonti nazo zina umuhimu wake. Kazi nyingi huja zimeandikwa kwa Calibri, na mashine isipokuwa nayo mistari inahama, sehemu ya sahihi inaangukia ukurasa wa peke yake. Sakinisha fonts-crosextra-carlito: herufi za Carlito zina upana uleule wa Calibri, mpangilio unabaki palepale. Times New Roman inashikiliwa vivyo hivyo na Liberation Serif.

Kabla hujashusha chochote, soma jina la prosesa. Ikiwa ni N270 au N280, fuata njia hii. Ikiwa ni N450, hiyo ni ya biti 64, chukua Debian 13 ya amd64 (ndilo jina la toleo la biti 64) moja kwa moja, ila LXDE usiiache.