Extreme Measures (1996): inang'ara wodini, inapwaya kwenye mahandaki

Kama unataka jibu la haraka: itazame, hasa robo ya kwanza na yale mazungumzo ya Gene Hackman karibu na mwisho. Katikati kuna kukimbizana kwingi ambako ungekukuta kwenye filamu nyingine yoyote. Ina dakika 118, mwongozaji ni Michael Apted, skripti imeandikwa na Tony Gilroy kutokana na riwaya ya Michael Palmer. Kuanzia hapa siri zote zinamwagwa, kwa hiyo ambaye hajaiona aishie hapa.

Guy Luthan (Hugh Grant) ni daktari Mwingereza katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya New York. Anapokea majeruhi wawili kwa mpigo, polisi na mtu aliyekuwa akirushiana naye risasi. Chumba cha upasuaji kilicho tayari ni kimoja. Mhalifu ndiye aliye mahututi zaidi, lakini Luthan anampeleka polisi.

Wengi watapita hapo bila kushtuka, kwa sababu moyo wa mtazamaji tayari uko upande wa polisi. Lakini kanuni ya kupanga majeruhi haina kona: njia ya hewa kwanza, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, na anayekaribia kufa zaidi ndiye anayetangulia ilimradi bado anaokoleka. Mapigo yakiwa 130 na presha ya juu imeshuka chini ya 90, huyo anavuja damu mahali fulani na muda wake unahesabika. Kazi yake haiingii kwenye hesabu, wala kosa lake. Luthan ameangalia beji badala ya presha. Skripti inapanda mbegu hiyo mapema na kuifukia vizuri, maana daktari bingwa tutakayekutana naye baadaye anafanya hesabu hiyohiyo, ila kwa idadi kubwa na kwa makusudi. Hakuna kitu kingine katika filamu hii kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho.

Kisha analetwa Claude Minkins, mtu asiye na makazi, ambaye vipimo vyake vinapanda na kushuka kama bahari iliyochafuka. Kwa aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa uti wa mgongo, picha hiyo inakumbusha jambo la kweli. Neva zikikatika juu ya pingili ya sita ya kifua, kitu kidogo tu huko chini kinaweza kuirusha presha ghafla huku mapigo yakipungua, jasho likitoka usoni na kichwa kikigonga. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo ulioziba. Hatua ya kwanza ni kumketisha mgonjwa, kulegeza nguo zote za kubana na kuuangalia ule mpira, kabla hata ya kukimbilia dawa ya presha. Filamu haiendi ndani kiasi hicho, na si lazima iende. Ila inaonekana aliyeandika hakuokota dalili ovyo.

Claude anakufa, mwili unatoweka, kumbukumbu zinatoweka. Hapo ndipo hospitali ya kwenye filamu inapokuwa nyepesi kupita kiasi. Hospitali halisi haina faili moja la kuchomoa. Mapokezi wana rejista yao, maabara wana yao na mirija ya damu ambayo kwa kawaida hukaa kwenye friji siku kadhaa baada ya majibu kutoka, famasi wana orodha ya dawa zilizotolewa, mochwari wana kitabu cha kuingiza na kutoa. Kufuta mtu mmoja kunahitaji watu watano au sita wanaofunga midomo. Filamu ingekuwa ya kutisha mara mbili kama ingetuonyesha hao sita, kila mmoja akifanya kidogo tu, kuliko kutupa watu wenye bastola.

Nyuma ya yote yuko Dkt. Lawrence Myrick, yaani Hackman, bingwa wa neva anayeheshimika, anayetafuta namna ya kuotesha upya uti wa mgongo uliokatika. Anachukua watu wasio na makazi, ambao hakuna ndugu atakayekuja kuwaulizia, na kuwafanyia majaribio wakiwa hai. Hackman hapandishi sauti hata pale ambapo mwigizaji mwingine angepayuka. Anaongea kama mtu anayekuelezea ratiba ya dawa. Mwaka mmoja kabla ya filamu kutoka, mwigizaji Christopher Reeve alianguka kutoka kwenye farasi na kupooza, kwa hiyo tiba aliyoitafuta Myrick haikuwa ndoto ya kitabuni kwa watazamaji wa wakati ule.

Onyesho linalobaki kichwani ni pale Luthan anapozinduka kitandani na kuambiwa amepooza kuanzia shingoni. Anaulizwa angetoa nini ili atembee tena. Baadaye inafichuka kwamba ni dawa tu, na kwamba hali hiyo itapita. Kitaalamu, hila hii ina akili kuliko inavyoonekana. Katika siku za mwanzo baada ya uti wa mgongo kuumia, viungo vya chini ya jeraha hulegea na hata kugonga goti kwa nyundo hakuleti mtikisiko. Ganzi ikishika vizuri huleta sura hiyohiyo, kwa hiyo hata daktari aliyelala pale angedanganyika. Tatizo ni pumzi. Neva za kiwambo, ule msuli mkuu wa kupumulia, hutoka kwenye pingili za shingo za tatu hadi ya tano. Ukipandisha ganzi mpaka kushika mikono yote, umefika jirani kabisa na hapo: sauti hupwaya, kikohozi hakitoki, presha hudondoka na moyo hupunguza kasi. Ingehitaji mtu wa nusukaputi kukaa ubavuni muda wote, na mrija mgongoni wa kuongeza dawa kila inapoisha nguvu. Hata hivyo, onyesho linasimama. Linamlazimisha Luthan kujibu swali akiwa upande wa mgonjwa, na jibu lake linamwaibisha.

Sasa hoja ya Myrick: watu wachache wafe, mamilioni watembee. Luthan anamjibu kwamba pengine hao wachache ni mashujaa, lakini hawakuchagua wenyewe, amewachagulia yeye. Jibu ni zuri, ila filamu imeacha mezani hoja ya pili ambayo ingemuumiza mwanasayansi huyo zaidi: majaribio yake ni mabovu hata kama utafiti. Mtu aliyelala barabarani miaka mingi mara nyingi ana upungufu wa vitamini B12 au B1, pombe imemla neva, labda ana kifua kikuu. Upungufu wa B12 peke yake huharibu uti wa mgongo. Ukimkata, ukampa dawa, kisha akafa, kilichomuua ni nini? Kisu, dozi, au ugonjwa aliokuja nao? Hakuna kundi la kulinganisha, hakuna mtu wa nje wa kukagua, na majaribio yakifeli mwili unafichwa. Kamati za maadili hazikuwekwa kulinda wagonjwa tu. Zinamlinda pia mtafiti dhidi ya kujidanganya.

Na kuna udhaifu mkubwa zaidi. Filamu inapeleka uovu kwenye jengo la siri, kwenye mahandaki chini ya jiji, kwa watu wenye silaha. Katika jiji hilohilo la New York, mwaka 1963, wagonjwa 22 wa hospitali ya magonjwa sugu huko Brooklyn walidungwa seli hai za saratani bila kuambiwa ni za saratani. Ilifanyika wodini kwa sindano ya kawaida. Madaktari watatu vijana waligoma kushiriki, wakajiuzulu. Mtafiti mkuu, Chester Southam, alikutwa na hatia mbele ya bodi ya leseni, adhabu ya kusimamishwa udaktari ikageuzwa kuwa mwaka mmoja wa uangalizi, na miaka michache baadaye akachaguliwa kuwa rais wa chama cha watafiti wa saratani cha Marekani. Utafiti wa kaswende wa Tuskegee, ambao wanaume weusi wa Alabama waliachwa bila tiba ili ugonjwa uangaliwe tu, nao ulikwenda tangu 1932 hadi 1972 ukiwa na bajeti ya serikali na makala kwenye majarida. Hakuna aliyehitaji handaki.

Kwa hiyo nusu ya pili, pamoja na kokeini iliyopandikizwa nyumbani kwa Luthan ili apoteze leseni, inatazamika lakini haiumi. Grant anapwaya kidogo anapokimbia, anarudi kuwa mzuri anaposimama. Sarah Jessica Parker, nesi Jodie Trammel, angestahili kuandikiwa zaidi. Muziki wa Danny Elfman unafanya kazi yake bila kusumbua.

Mwishoni Myrick amekufa, na mjane wake anamkabidhi Luthan makabrasha ya utafiti. Filamu inakaa hapo sekunde chache tu, ilhali swali zito kuliko yote ndiyo kwanza limefika: unayatumia au unayachoma? Daktari Robert Berger alipochambua mwaka 1990 majaribio ya kuwazamisha wafungwa kwenye maji ya baridi kali yaliyofanywa na Wanazi kwenye kambi ya Dachau, aligundua kwamba takwimu zenyewe haziaminiki, zimejaa mapengo na uongo. Luthan anapokea makabrasha bila hata kufungua ukurasa wa kwanza kuangalia wangapi waliandikwa majina na wangapi waliandikwa namba.