Miezi saba na Koha: kamusi moja iliyogeuka vitabu 14

Kamusi ilikuwa moja. Nilipoitafuta kwenye katalogi mpya asubuhi ya kwanza, zikaja kamusi 14, kila moja na ukurasa wake, kila moja ikidai ina nakala moja tu. Mwenzangu wa kaunta akachungulia kioo, akacheka: "Dada, tumetajirika!" Hivyo ndivyo nilivyoanza na Koha, programu ya kuendeshea maktaba, na nakiri mapema kwamba kosa lilikuwa langu.

Maktaba yetu ni ndogo, vitabu 9,000 na ushei, wafanyakazi wawili. Kwa miaka tulitumia programu ya kulipia ambayo muuzaji wake siku moja aliacha kupokea simu. Leseni ilipokwisha, tulichoweza kuokoa ni jedwali la Excel: jina la kitabu, mwandishi, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), namba ya usajili. Basi. Safari hii nikataka programu huria, isiyofungwa kwa muuzaji mmoja, na iliyo tayari kunipa rekodi zangu katika MARC, muundo ambao programu nyingine za maktaba nazo zinausoma. Nikihama tena, nihame na mizigo yangu.

Koha ilizaliwa New Zealand, kwenye maktaba za Horowhenua. Mwaka 1999 waliona mfumo wao wa zamani hautavuka salama kuingia 2000, wakaagiza mwingine utengenezwe, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakauachia yeyote anayeutaka. Jina ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Zawadi kweli, leseni hailipiwi, ila sava na mtu wa kuitunza ni juu yako. Kijana mmoja anayeijua Linux, mfumo endeshi ambao Koha hukaa juu yake, alinisimikia kwa alasiri moja. Kusafisha lile jedwali kulinichukua miezi mitatu.

Tatizo lilikuwa hili: ndani ya Koha, kitabu na nakala ya kitabu ni vitu viwili. Rekodi inaeleza kitabu, yaani jina, mwandishi, mchapishaji, mada. Nakala zinakaa chini ya rekodi hiyo, kila moja na msimbopau wake, namba yake ya rafu, na aina yake kama ni ya kuazimwa au ya kusomea humuhumu. Koha huzihifadhi kwenye uga (sehemu ya taarifa yenye namba yake) 952 wa MARC21, toleo la MARC tunalotumia, na uga huo unaweza kurudiwa mara nyingi ndani ya rekodi moja. Jedwali langu lilikuwa na mstari kwa kila nakala. Nikalipitisha lilivyo kwenye MarcEdit, programu ya bure inayogeuza majedwali kuwa MARC, nikapakia. Mstari mmoja, rekodi moja, kamusi 14.

Kilichoniokoa ni kwamba Koha haimwagi rekodi kwenye katalogi papo hapo. Inaziweka pembeni kwanza, unazikagua, ndipo unaziingiza. Na hata baada ya kuziingiza, fungu zima unaweza kulitengua. Hakuna kitabu kilichokuwa kimeazimwa bado, kwa hiyo nikabonyeza kitufe cha kutengua, nikaenda zangu kupumzika. Niliporudi katalogi ilikuwa tupu. Sijawahi kuufurahia utupu kiasi kile. Kama ningeambiwa nitaje jambo moja tu la kumshawishi mkutubi mwenzangu, ningetaja kitufe hicho.

Raundi ya pili nikataka kuunganisha nakala kwa kutumia ISBN, na hapo nikagundua Excel ilikuwa imenila siku nyingi bila mimi kujua. ISBN zinazoanza na sifuri zilipoteza sifuri zao. Zenye tarakimu 13 ziligeuka 9.78E+12, na faili lilipohifadhiwa kama CSV, jedwali la maandishi matupu, tarakimu za nyuma zikapotea moja kwa moja. Safu hiyo lazima iwekwe kuwa maandishi kabla hujaandika hata namba moja. Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa. ISBN za zamani zina tarakimu 10, na tangu 2007 zinatolewa za 13, nami nikadhani kinachotakiwa ni kubandika 978 mbele. Sivyo. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, inakokotolewa upya. Nilikuwa nimetunga mamia ya ISBN ambazo hazipo.

Zikishakuwa sahihi lakini, raha yake huielezi. Unaskani msimbopau wa jalada la nyuma, Koha inauliza katalogi za nje kwa njia ya Z39.50, utaratibu wa katalogi za maktaba kuulizana, na rekodi kamili inakuja kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani, na mada na namba ya Dewey ya kupangia vitabu kwa mada mara nyingi zimo tayari. Dakika moja kwa kitabu, pengine chini ya hapo. Visivyo na ISBN unaviandika mwenyewe, na fomu ya MARC inatisha mwanzoni kwa wingi wa visanduku. Nilitengeneza kiolezo chenye visanduku kumi na vitatu tu, nikavificha vilivyobaki, na mwenzangu, ambaye hajawahi kusomea ukutubi, akakizoea kwa wiki.

Kiolezo hicho nacho kina kisa chake. Uga 245 ndio wa jina la kitabu, na una kiashiria kinachosema herufi ngapi za mwanzo zirukwe wakati wa kupanga kialfabeti. Jina la Kiingereza linaloanza na "The" linapewa 4, herufi tatu na nafasi. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, kwa hiyo ni 0 daima. Mimi nilinakili kiolezo kutoka rekodi ya Kiingereza. Kwa wiki mbili kila kilichoanza na "Historia" kilikuwa kikipangwa kwenye O, na "Kamusi" kwenye S.

Upande wa kuazimisha sina mengi. Kadi, kitabu, umemaliza. Jazeni tu kalenda ya siku mnazofunga kabla ya kufungua milango. Sisi hatukuijaza, na msomaji mmoja mpole alidaiwa faini ya siku ambazo hata mlango ulikuwa na kufuli. Tulimfutia, tukamwomba radhi.

Ripoti ni tamu kwa anayejua kidogo SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Asiyejua anaweza kunakili zilizoandikwa na wakutubi wengine na kushirikishwa mtandaoni, ndivyo ninavyofanya. Ripoti ya vitabu ambavyo havijawahi kuazimwa ilinipa aibu na nafasi ya rafu mbili.

Jambo la kuuliza fundi siku ya kwanza: nakala za akiba zinakwenda wapi? Ikisimikwa kwa vifurushi vya Debian, aina mojawapo ya Linux, Koha hujihifadhi yenyewe kila usiku, lakini kwenye diski ileile ya sava. Diski ikifa, vyote vimekufa pamoja. Yetu sasa inanakiliwa pia kwenye diski ya nje ninayoondoka nayo kila Ijumaa.

Maktaba ya vitabu mia tatu na msomaji mmoja mmoja haihitaji haya yote, daftari linatosha. Kuanzia elfu chache, na mkiwa na mtu wa Linux wa kumpigia simu, mimi nasema ichukueni.

Ile kamusi sasa ina rekodi moja. Chini yake nakala 14: kumi zipo rafuni, mbili zimepotea, moja imepelekwa kushonwa. Ya kumi na nne ilichelewa siku 61, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mwenzangu wa kaunta.