Boston Legal: mjue Alan Shore tangu mwanzo

Anza na msimu wa 8 wa The Practice, tamthilia ya TV ya mawakili iliyozaa Boston Legal, kwani ndiko James Spader anakoingia kama Alan Shore, wakili aliyefukuzwa kazi kwa kuiba fedha za kampuni yake. Bila msingi huo, hila zake huonekana utundu tu. Kisha ingia Boston Legal (2004–2008), misimu 5, vipindi 101. Utamu uko kwenye hotuba za kufunga kesi: anachekesha, anachokoza, halafu anabana kwa hoja nzito. Na ile roshani, Shore na wakili mwenzake Denny Crane (William Shatner) wakivuta sigara nene (cigar) na kunywa wiski! Shatner ni hodari mno hapo. Kasoro kubwa: mawakili wengine hutoweka bila maelezo. Msimu wa 2, wenye vipindi 27, unalegea.