Vibao vya kaburi vya mafundi wa zege, Goma

Kwa mzee aliyelea familia kwa jembe na ng'ombe wachache huko Masisi, kibao hiki kinamfaa kweli: zege la sentimita 40 kwa 60, unene 5, wavu wa chuma ndani, jembe limechorwa chini ya jina. Kina kilo 30 hivi. Chukudu moja, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, inakifikisha kwenye gari. Mchanganyiko wa simenti 1, mchanga 2, kokoto 3 ni imara.

Kasoro iko kwenye herufi. Zilizopakwa rangi tu hubanduka kwa mvua, basi dai zichongwe milimita 4. Usichukue jiwe la volkano: lina vitundu, herufi ndogo humeguka. Kibao kiloweshwe siku 7 kabla ya safari, la sivyo hupasuka pembeni. Na jina liandikwe kama kijiji kilivyomwita.